Magari Chini ya Mfereji

Mwanzoni Ros Tunnicliffe alidhani ni mvua. Juma zima lilikuwa la mvua, ile mvua ya Juni isiyo na kelele, inayolowesha nguo zote kambani kabla mtu hajatambua kuwa inanyesha. Kwa hiyo kiatu chake kilipodidimia kwenye majani ya safu ya mwisho, chini kabisa ya tuta la mfereji, aliguna tu, akakikung'uta, akaendelea kulipungia mkono gari lililokuwa linaingia.

"Njoo, njoo, kata kushoto... basi, hapo hapo!"

Dereva, baba mmoja mnene aliyevaa kofia ya majani, uso umeiva kwa jua, alimwinulia kidole gumba na kuzima injini. Pembeni yake mkewe alikuwa keshafungua kikapu cha mikate.

Jumamosi ile ilikuwa kana kwamba kila mtu katika wilaya ameamua kuja kijijini Addersley kwenye tamasha la mashua. Juu ya tuta, mashua za mfereji, zile ndefu nyembamba zilizopakwa maua ubavuni, zilikuwa zimejipanga pua kwa mkia kutoka darajani mpaka kwenye lango la maji. Ukisimama kondeni uliziona kwa chini. Matumbo yake yalikuwa juu kuliko paa za magari. Watoto wa wageni walilipenda sana jambo hilo. "Baba, tazama! Ile inapita angani!" Ros alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu asubuhi na kila mara alitabasamu, kwa sababu yeye ndiye aliyepigania magari yaegeshwe pale.

Mwaka uliotangulia wageni waliegesha kule juu kwenye uwanja wa shule, wakaletwa na basi hadi mlangoni mwa tamasha, wakarudishwa na basi, wala hawakupita mbele ya duka hata moja la kijiji. Barnaby Salt, mwuza nyama, alibaki na pai zake mezani. Ros, ambaye yeye na dada yake walikuwa wakipika chapati za shayiri na kuzijaza jibini na nyama ya nguruwe, aliishia kuwamwagia kuku wa jirani chapati zile. Kwenye kikao cha kamati alisimama akauliza, "Hivi tamasha hili ni la nani? Letu, au la dereva wa basi?" Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, na konde la Clifford Heath, lililokuwa la kondoo, likageuka maegesho.

Lilikuwa na geti moja tu. Geti hilo lilifungukia kwenye kichochoro kilichopanda mpaka darajani, na kichochoroni ndiko wenyeji walikopanga meza zao, huku na huku. Adhuhuri konde lilipojaa, Ros alipofunga geti na kuning'iniza kibao cha KUMEJAA, wafanyabiashara walisogeza meza zao hadi katikati ya njia, kwa sababu wateja walikuwa wengi na hakuna gari lililotarajiwa kupita tena. Nani angeondoka kabla ya bendi kupiga? Biashara ilikuwa inakwenda. Harufu ya vitunguu vya kukaanga ilishuka mpaka kwenye magari.

Mama yake Ros, Winifred, alikuwa kwenye gari la Ros, safu ile ya mwisho. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga majira ya kuchipua na hakuweza kutembea. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa nyuma ya gari, lakini mwenyewe alikataa kusukumwa kwenye umati, akasema anataka kukaa kivulini mwa tuta, dirisha wazi, atazame mashua na kujaza mafumbo ya maneno ya gazetini.

"Unaendeleaje, Mama?" Ros alimwuliza alipopita kumwona.

"Vizuri. Ila huo mfereji wako unapiga kelele."

"Kelele gani?"

"Ya bomba."

"Ni mashua hizo, Mama. Zinatoa maji ya ndani."

Winifred akashusha miwani. "Mashua gani inakojoa saa nzima bila kupumua?"

Ros akacheka. Kisha akatega sikio, kwa sababu na yeye aliisikia. Haikutoka juu. Ilitoka chini, karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo tuta lilikutana na konde. Akainama, akatenganisha majani kwa mikono yote miwili.

Maji yalikuwa yanachemka kutoka ardhini. Hayakuwa ya moto, ila yalitokota vile uji unavyotokota, yakiinuka na kushuka, yakisukuma mchanga pembeni. Na yalikuwa ya kahawia.

Ros akachovya vidole, akautazama udongo uliobaki juu yake. Mtu yeyote aliyekulia kando ya mfereji amezoea tuta linalotoa jasho. Maji meupe yakidondoka mahali unayaacha. Lakini maji ya kahawia yamebeba udongo, na udongo ule unatoka ndani ya tuta, na tuta ndilo lililoshika mfereji mzima juu ya kichwa chako.

Alisimama polepole, kana kwamba akiinuka kwa ghafla angeliamsha kitu. Akasogea kando ya gari mama yake asimsikie, akabonyeza redio yake ya mkononi.

"Duncan. Shuka huku kondeni."

Duncan Prosser alikuwa mwenye baa ya darajani na mwenyekiti wa kamati. Sauti yake ilikuja pamoja na vishindo vya bilauri na vicheko. "Ros, kipenzi, nina foleni mpaka barabarani."

"Tuta linavuja."

"Linavuja au linatoa jasho?"

"Linavuja, Duncan. Maji ni ya kahawia."

Duncan akashuka. Alipofika, aproni bado kiunoni, alikuwa amekimbia njia nzima na bado anajitahidi kutembea kama mtu asiyekimbia. Akatazama pale Ros alipomwonyesha. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa mwekundu, ulibadilika mbele ya Ros ukawa rangi ya unga.

"Usiseme kwa sauti," alinong'ona.

"Nisiseme? Duncan, watu wamelala humu ndani ya magari. Kuna mwenye mtoto mchanga safu ile pale."

"Nisikilize. Ukipiga ukelele, kila aliye juu kule atakuja mbio kuokoa gari lake. Wataingia kondeni kwa mamia. Na magari yatoke wapi? Geti moja! Kichochoro kimejaa meza!"

"Basi waliomo watoke kwa miguu. Kimya kimya. Magari yabaki."

"Wewe ungeacha lako?"

Kabla Ros hajajibu, bonge la udongo, kubwa kama mkate, lilijitenga na ubavu wa tuta, likateleza na kutulia kwenye kiatu cha Duncan. Wote wawili walilitazama. Mahali lilipotoka palibaki kovu jeusi, na ndani ya kovu maji yalianza kutiririka kama kutoka bomba la bafu.

"Nev," Duncan akasema. "Nev Ballard ana ufunguo wa mbao za kuzuia maji."

Mbao zile nzito hukaa kwenye kibanda karibu na daraja. Zikishushwa kwenye mifuo ya mawe chini ya daraja, huukata mfereji na kuyazuia maji. Nev, aliyekuwa akiishi kwenye mashua yake mwaka mzima, ndiye aliyezitunza. Duncan akageuka na sasa hakujali tena nani anamwona. Alikimbia kwa nguvu zake zote, aproni ikipeperuka.

Ros akabaki peke yake na konde zima.

Alikusudia kumtoa mama yake kwanza. Alikuwa anakwenda, mkono umenyooshwa kuelekea mlango wa gari, tuta liliponguruma. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anaburuta kabati zito kwenye sakafu ya ghorofa ya juu. Na baada ya sauti ile Ros hakukumbuka kitu mpaka alipojikuta ameshika geti kwa mikono yote miwili, ameshatoka nje, yuko upande wa kichochoro. Miguu yake ilikuwa imemleta huko bila kumwuliza. Ilikuwa imempitisha katikati ya magari yote yale, mbele ya madirisha yaliyokuwa na watu, na kumwacha mama yake nyuma.

Barnaby Salt alikuwa pale kwenye meza yake ya pai, iliyokuwa ya kwanza kutoka getini. "Ros? Umeona jini?"

Ros alitikisa kichwa, akiendelea kuling'ang'ania geti.

"Kaa chini, mama. Jua hilo. Ngoja nikupe maji."

"Maji," Ros akasema, na neno lenyewe likamzindua. "Barnaby, tuta linapasuka. Mama yangu yuko kule."

Barnaby alikuwa mtu wa mzaha. Alimtania hata kasisi. Safari hii alimtazama Ros machoni na hakutania. "Niambie nifanye nini."

"Ziba hapa. Mtu akitoka, mpitishe. Anayetaka kuingia asiingie. Hata akikulilia. Hata akikutukana mama yako."

Barnaby akaishika meza yake pembe mbili, akaipindua. Pai zote zikamwagika, zikabingirika kichochoroni. Akaisukuma meza mpaka ikaziba nusu ya geti, akasimama nyuma yake na miguu aliyoitanua. Ros akampita, akarudi ndani.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko jambo lolote alilopata kulifanya. Kila hatua magoti yake yalikuwa yanamdai ageuke. Alianza na safu ya kwanza, akigonga madirisha kwa kiganja. "Tokeni. Acheni vitu. Kwa miguu, getini, sasa hivi." Aliisikia sauti yake ikiwa nyembamba kama ya mtoto. Watu wengine waliiona fulana yake ya rangi ya chungwa, ya wasimamizi wa maegesho, wakatii bila swali. Wengine walimwuliza kwa nini, na alipoonyesha tuta hawakumwuliza tena. Vijana wawili waliolala kwenye gari la mizigo walitoka pekupeku. Mama mwenye mtoto mchanga alitaka kurudi kuchukua mkoba wa nepi. Ros akamsukuma mgongoni, akamsukuma kwa nguvu, na yule mama akaanza kulia huku anakwenda.

Yule baba wa kofia ya majani alikataa.

"Nitalitoa tu gari langu," alisema. "Dakika moja." Akawasha injini. Magurudumu yalizunguka kwenye matope, gari likajikunja upande, pua ikaziba njia kati ya safu na safu.

"Zima, bwana!"

"Usinipangie, mama!"

Ros akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautupa nyuma yake bila kuangalia ulikoangukia. Yule baba alibaki ameachama. Mkewe keshatoka nje, kikapu mkononi.

"Lyndon!" alimpigia ukelele. "Toka ndani ya gari hilo, Lyndon, la sivyo naondoka na sitakusubiri!"

Lyndon akatoka, akitukana. Ros hakungoja kusikia. Alikuwa ameanza kukimbia kuelekea safu ya mwisho.

Huko maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, baridi ya kukata. Winifred alikuwa ameweka gazeti mapajani, kalamu juu yake.

"Umekawia. Chai imekwisha," alisema, kisha akauona uso wa bintiye. "Kuna nini?"

"Tunaondoka, Mama. Nishike shingo."

"Na kiti?"

Ros alikuwa keshakiteremsha kiti, na kiti kilikuwa kimeshazama matopeni hadi kwenye mhimili wa magurudumu. Alikivuta mara moja, akakiacha. Akamshika mama yake chini ya makwapa, akamvuta, na Winifred akatoa sauti ndogo ya maumivu ambayo Ros hakuwahi kuisikia kwake, hata hospitalini. Akamrudisha kwenye kiti cha gari. Hakuwa na nguvu hizo. Mama yake alikuwa mzito kuliko yeye. Akatazama juu. Mashua iliyokuwa juu yao moja kwa moja ilikuwa imeanza kuinama. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama sitahani, sahani mkononi, akilitazama sufuria lake likiteleza juu ya paa bila kuelewa.

"Ros," mama yake akasema kwa upole. "Nenda."

"Nyamaza, Mama."

"Nakwambia nenda."

"Nimesema nyamaza!"

"Wewe mwanamke!" Ilikuwa sauti ya mwanamume. Lyndon alikuwa anakuja kwa hasira, kofia imeanguka, akikanyaga maji. "Ufunguo wangu uko wapi? Huna haki ya..." Akamwona Winifred. Akayaona maji yanayotoka tumboni mwa tuta. Hasira ikamtoka usoni kama taa iliyozimwa, na kilichobaki kilikuwa woga mtupu, sawasawa na wa Ros.

"Nibebee mama yangu," Ros alimwambia. "Nakuomba."

Kwa muda mfupi alidhani Lyndon atakimbia. Hata hangemlaumu, yeye mwenyewe alikuwa amekimbia. Lakini Lyndon akaja. Walifumbata mikono yao chini ya mapaja ya Winifred wakatengeneza kiti, naye akawashika shingo wote wawili, wakamwinua.

"Kijana, mikono yako baridi," Winifred alisema, meno yakigongana.

"Samahani, bibi."

"Usijali. Wewe tembea tu."

Walikuwa hawajafika mbali wakati bendi kule juu ilipokatika. Haikumaliza wimbo; ilikatika katikati, tarumbeta moja baada ya nyingine. Katika kimya kile Ros alisikia kitu kikivuta pumzi nyuma yake. Hakugeuka, lakini Winifred alikuwa amegeuza kichwa nyuma juu ya mabega yao, na Ros alihisi mkono wa mama yake ukimkaba shingo.

"Usitazame," mama yake alisema. "Usitazame, usitazame, usitazame."

Tuta likafunguka.

Kilichokuja kwanza kilikuwa upepo, upepo wa baridi wenye harufu ya matope ya zamani. Halafu maji. Njia ya kwenda getini ilikatika mbele yao. Walikuwa wanaelekea kule na ghafla palikuwa mto wa kahawia, na ndani ya mto gari jeupe likienda kinyumenyume taratibu kama linaloegeshwa na dereva mzuri. "Huku!" Ros alipiga ukelele. "Uani! Uani!" Upande wa kulia ardhi iliinuka kidogo kuelekea ua wa miiba, na hapo palikuwa na ngazi ya mbao ya wapita njia. Maji yalimfika mapajani. Kitu kigumu kilimgonga mguu kikapita. Lyndon aliteleza, akapiga goti, Winifred akazama mpaka kiunoni, akapiga kelele, na Lyndon akainuka tena akilia wazi wazi, machozi na kamasi, lakini mkono wake haukuachia.

Nyuma yao magari yalianza kulia. Ving'ora vyake viliwaka kimoja baada ya kingine, taa zikipepesa chini ya maji, konde zima likipiga yowe kama zizi lenye moto.

Walimfikisha kwenye ngazi. Watu upande wa pili wa ua walinyoosha mikono, wakamvuta Winifred juu ya miiba kama gunia, wakamvuta Ros, wakamvuta Lyndon. Ros alianguka kifudifudi kwenye majani makavu, akayashika majani kwa vidole kana kwamba dunia itamtupa.

Alipoinua kichwa, ile mashua ilikuwa imepinduka ubavu mdomoni mwa ufa, imeshikiliwa na kamba moja iliyokaza. Yule mwanamke alikuwa amevutwa nchi kavu. Huko darajani Nev Ballard, Duncan na kundi la watu wasiojuana walikuwa wanashusha mbao, moja juu ya nyingine, wakizigonga kwa nyundo. Kila ubao ulipoingia, ngurumo ilipungua kidogo. Hatimaye maji yakawa yanadondoka tu, na juu ya tuta mashua moja baada ya nyingine ilikaa kwenye matope kwa mkoromo mrefu.

Hofu ilipaswa kwisha hapo. Haikuisha, ilibadilika tu.

Waliwakusanya wageni kwenye ukumbi wa kanisa. Dada yake Ros na wanawake wengine walileta blanketi, chai, chapati, kila kilichokuwa kimebaki mezani. Winifred alifungwa shuka tatu na kuwekwa karibu na jiko, na daktari wa kijiji alisema nyonga haijatoka. Ofisa wa zimamoto alisimama mlangoni akauliza swali moja tu: kuna aliyebaki ndani ya gari?

Kila mtu akamtazama Ros.

Basi akaanza kupita kwa kila mmoja. Gari lako lipi? Lile la buluu. Mlikuwa wangapi? Wote mpo? Mama mwenye mtoto mchanga alimshika mkono asiuachie. Wale vijana wa pekupeku walikuwepo. Lyndon na mkewe walikuwa kwenye kona, mke akimsugua mumewe mgongo kwa taulo. Magari yakapata wenyewe, moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja. Gari dogo la kijani. Lilikuwa safu ya tatu, watu wa zimamoto walisema, limelalia ubavu, madirisha yamejaa matope, na mwenyewe hajapatikana.

Ros alijaribu kukumbuka dirisha lile. Alikumbuka kijani. Aliligonga, au alipita? Safu ya tatu ndiyo aliyoikata mbio alipokuwa anakimbilia getini, ile mara ya kwanza, miguu ilipomchukua. Pengine kulikuwa na mtu ndani aliyemwona akipita mbio na fulana yake ya chungwa, akadhani ana shughuli zake. Pengine walikuwa wamelala. Kila alipofumba macho aliona kioo na nyuma ya kioo uso, na uso ule kila mara ulikuwa mwingine.

"Uliligonga," Duncan alimwambia. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, mikono imechubuka. "Nakujua, Ros. Uliyagonga yote."

"Hunijui," Ros alisema. "Nilikimbia, Duncan. Nilimwacha mama yangu nikakimbia."

"Ulirudi."

"Kwanza nilikimbia."

Duncan alikaa karibu naye tu, kwenye benchi la ukutani, na wote wawili walisikiliza mashine za zimamoto zikivuta maji kondeni. Jua lilianza kushuka nyuma ya mnara wa kanisa. Kila mlango ulipofunguka Ros alisimama, na kila mara alikuwa mtu mwenye birika au blanketi.

Mlango ukafunguka tena. Waliingia mzee na bibi, wote wawili na fimbo za kutembelea, viatu safi, mashavu mekundu kwa upepo. Bibi alikuwa na karatasi ya keki mkononi. Walikuwa wametembea kando ya mfereji tangu kabla ya adhuhuri mpaka kijiji cha pili, kunywa chai, na wamerudi kwa njia ya mashambani.

"Samahani," mzee alisema, akitazama blanketi na nyuso. "Nadhani tumepotea. Tunatafuta konde la maegesho. Tulikuwa na gari dogo la kijani."

Ros alitoa sauti, na waliokuwa karibu walidhani anacheka. Kisha alitoka nje haraka, akashika jiwe la kaburi la mtu asiyemjua, akatapika mpaka hakukuwa na kitu tumboni. Mwili ulianza kutetemeka hapo, sasa, wakati kila kitu kimekwisha; alitetemeka hivi kwamba Barnaby Salt ilibidi amwekee koti mabegani na kulishikilia lisianguke.

"Pai zangu zote, Ros," Barnaby alisema taratibu, akimpapasa bega. "Mbwa wa kijiji hawatatusahau."

Ros alilia ndani ya koti lile.

Alhamisi iliyofuata wanakijiji wengi walikwenda kuuona mfereji mtupu, mashua zimelala huku na huku kwenye matope, na wataalamu waliovaa kofia ngumu wakibishana kama kilichobomoa tuta ni kalvati la zamani au mashimo ya wanyama. Winifred naye alitaka kuona. Alikuwa na kiti kipya, cha kuazima, na alisema hakuponea chupuchupu ili akae nyumbani akitazama ukuta.

Ros alimsukuma mpaka kichochoroni. Alipofika mahali ambapo njia inaanza kupanda kando ya tuta, mikono yake ilisimama. Alijiambia maji hayapo. Alijua hayapo. Ubavu wa tuta ulikuwa mkavu, na kwenye majani palikuwa na vipepeo.

"Siwezi, Mama," alisema.

Winifred aligeuza kichwa, akamtazama. Alimwita Duncan aliyekuwa akipita na ndoo. "Wewe Prosser, acha ndoo hiyo. Njoo unisukume."

Duncan akaiweka ndoo, akashika kiti, wakapanda, Winifred akimwuliza kama mashua iliyopinduka ndiyo ile yenye maua mekundu. Ros alibaki chini, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa kichochoro, akitazama tuta, akisikiliza kwa makini kama bado kuna ile kelele ya bomba.